Edward Steere na Maana ya Uhuru: Maisha ya Mfasiri katika Unguja ya Watumwa, 1864–1882

1.0 Utangulizi

Makwale ni kata ya wilaya ya Kyela, katika uwanda wa mpunga na kakao ulio kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mashariki yake husimama milima ya Livingstone. Lugha ya nyumbani ni Kinyakyusa, na wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin waliofika sehemu hizo mwaka 1891 waliitumia lugha hiyo kanisani tangu mwanzo. Kiswahili cha Biblia kilikuja baadaye, na kilikuja na maneno ambayo watu wa uwanda huo hawakuwa nayo vinywani mwao. Mwandishi wa makala haya alikulia huko. Mara ya kwanza alipolisikia neno kongwa lilikuwa likisomwa kanisani, kutoka katika sura ya tano ya Waraka wa Paulo kwa Wagalatia. Sisi watoto tulidhani kwamba inasemwa habari ya Kongwa ya Dodoma, ile ya ranchi za ng'ombe, na tukashangaa Wagalatia walifikaje huko. Miaka mingi ilipita kabla hatujaelezwa kwamba kongwa ni mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka ili asitoroke njiani.

Sura hiyo, kama ilivyo katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, inastahili kuangaliwa na mwanaisimu. Ndani ya mistari michache yamekusanyika maneno ungwana, huru, kongwa, utumwa na kutumikia, na pia usemi wa kumwandika mtu huru, ambao haueleweki ila na mtu anayejua kwamba mtumwa wa Unguja aliachwa kwa hati iliyoandikwa. Kwa hiyo, msamiati wa Paulo umevikwa nguo za pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Tafsiri ya 1952 ilikuwa kazi ya watu wengi, wa Unguja na wa Mombasa, na makala haya hayadai kwamba kila neno lake lilichaguliwa na mtu mmoja. Hata hivyo, njia iliyofikisha maneno hayo Makwale ilianza kutengenezwa na Edward Steere, mwanasheria aliyegeuka kasisi, askofu, mpiga chapa na mwashi. Maisha yake yanasimuliwa hapa kwa kufuata swali moja ambalo kazi yake ilimlazimisha kulikabili kila siku: mtu aliyetolewa utumwani amewekwa huru kwa ajili ya nini?

Isitoshe, habari hii inawahusu watu wa Ziwa kwa njia nyingine. Wengi wa watumwa waliouzwa Unguja walitoka katika nchi zilizo kandokando ya Nyasa, wakashushwa Kilwa, wakapakiwa majahazini. Karonga, kusini ya mto Songwe, Mlozi aliendelea kuwa na ngome yake ya biashara hiyo hadi Desemba 1895.

2.0 Kutoka Sheria hadi Ukasisi

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma katika University College ya mji huo, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, akakubaliwa kuwa wakili. Kazi hiyo haikumshika. Alivutwa na vyama vya walei waliotaka kuishi kwa sala na kazi ya mikono, na mwaka 1856 akapewa ushemasi katika Kanisa la Uingereza. Baada ya miaka michache alikuwa kasisi wa vijiji vya Lincolnshire, ambako jirani yake alikuwa William George Tozer.

Urafiki huo ndio uliomleta Afrika. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa kwa kuitikia hotuba za David Livingstone, ilikuwa imempoteza askofu wake wa kwanza, Mackenzie, aliyefariki Januari 1862 huko Shire. Tozer aliteuliwa kushika mahali pake, na Steere akakubali kumsindikiza mwaka 1863. Walijaribu kukaa mlima Morumbala, karibu na Zambezi, wakashindwa. Tozer akaamua kuihamishia misheni Unguja. Livingstone alikasirika sana, akiona kwamba bara limekimbiwa. Kwa maoni yetu lawama hiyo ilikuwa na haki nusu tu. Ni kweli kwamba misheni iliwaacha watu wa Shire katika shida. Lakini pia ni kweli kwamba katika Unguja misheni iliwakuta watu wa bara wale wale, sokoni, wakiuzwa.

3.0 Wavulana Watano

Walifika Unguja mwishoni mwa Agosti 1864. Muda si mrefu Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi. Hivyo ndivyo shule ya misheni ilivyoanza: haikuanza kwa watu waliokuja kuomba mafundisho, bali kwa watoto waliotolewa kama zawadi. Jambo hilo lisipitwe haraka. Watoto hawa walinyakuliwa kwao, wakauzwa, wakakamatwa tena, wakatolewa kwa wageni, na katika hatua zote hizo hakuna aliyewauliza wanataka nini. Baadaye manowari za Waingereza zilileta wengine. Walipewa majina mapya katika ubatizo, wakajifunza kusoma, na lugha waliyofundishwa haikuwa ya mama zao wala ya walimu wao. Kiswahili kilikuwa lugha ya tatu, ambayo pande zote mbili zilijifunza pamoja.

Steere alikuwa na miaka 36, na hakuwa na kitabu cha kumfaa. Kazi za Krapf zilihusu zaidi Kiswahili cha Mombasa. Alilazimika kukaa na watu wa Unguja na kuwasikiliza. Miongoni mwao alikuwamo Hamisi wa Kayi, na wapo wengine waliomsimulia ngano usiku baada ya usiku. Matunda yake yalikuwa kitabu chake cha sarufi na msamiati cha mwaka 1870 na mkusanyo wa hadithi za Waswahili uliotoka mwaka huohuo. Pamoja na hivyo alichapisha makusanyo madogo ya Kishambala, Kinyamwezi, Kiyao na Kimakonde. Orodha hiyo inasema jambo. Mtu aliyeridhika na kisiwa asingehangaika na Kiyao. Steere alikuwa akijiandaa kuwarudisha wanafunzi wake kwao.

Tunapolisoma kundi la maneno aliyolikuta Unguja, ugumu wa kazi yake unajitokeza. Neno huru, lenye asili ya Kiarabu, lilimhusu hasa mtu asiye mtumwa tena. Yaani lilitaja hali ya kisheria. Neno mwungwana lilikuwa juu zaidi. Lilimhusu mtu aliyezaliwa katika heshima, mwenye jamaa, mwenye adabu na elimu ya dini, asiyeshika jembe la mtu. Aliyeachwa kwa hati alikuwa huru, lakini hakuhesabiwa kuwa mwungwana siku hiyo. Hata mjukuu wake angeweza kukumbushwa asili yake. Basi mfasiri anayeandika kwamba Kristo amewapa waamini ungwana amesema neno zito kuliko yule anayetaja uhuru peke yake. Amewaambia watu waliotoka katika minyororo kwamba wamepewa nasaba.

Upande wa pili kuna mzizi -tum-. Kutokana na kutuma tunapata mtumwa, ambalo kwa umbo lake ni mtendwa: yule anayetumwa na mwingine. Kutokana na mzizi huohuo tunapata mtume, lenye kiishio -e cha mtu aliyekwisha kutendewa jambo, kama mteule kutokana na kuteua. Tena, kutokana na kutumika tunapata mtumishi, ambapo k imegeuka sh mbele ya i, kama ilivyo katika mpishi na mwandishi. Mtumwa, mtume na mtumishi ni ndugu wa tumbo moja. Paulo anapojitaja mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi, Biblia ya Kiswahili humwita mtumwa na mtume ndani ya sentensi moja. Msomaji wa leo husoma akapita. Msikilizaji wa Unguja wa mwaka 1870, ambaye jana yake aliona watu wakipangwa sokoni, hakuweza kupita.

4.0 Soko na Kanisa

Steere alikuwa Uingereza kuanzia 1868 hadi 1872, akisimamia uchapishaji wa vitabu vyake na kutunza parokia yake. Aliporudi, Unguja ilikuwa imepigwa na kimbunga cha Aprili 1872, na misheni ilikuwa taabani. Tozer, aliyekuwa mgonjwa, alijiuzulu mwaka 1873. Mwaka huohuo, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Inafaa kusisitiza kwamba mkataba huo ulikomesha biashara, na haukukomesha utumwa wenyewe. Hali ya utumwa haikupoteza nguvu ya kisheria Unguja hadi 1897, na Tanganyika hadi 1922. Kwa hiyo, Steere aliishi na kufa katika mji ambao mtumwa alikuwa bado mali halali ya bwana wake.

Misheni ilipata kiwanja cha soko la Mkunazini. Sehemu yake ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873. Steere alikuwa ndiye mchoraji na msimamizi. Paa alilijenga kwa zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji, likipinda kama pipa lililolazwa, na wengi walitabiri kwamba lingeanguka. Halikuanguka. Husimuliwa pia kwamba nguzo kadhaa zilisimamishwa kichwa chini miguu juu wakati yeye hayupo, naye aliporudi akaziacha hivyohivyo. Mgeni anayezuru kanisa hilo huonyeshwa nguzo hizo hadi leo, na viongozi wa watalii huzifurahia kuliko madhabahu.

Tarehe 24 Agosti 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu, London, katika Westminster Abbey. Aliporudi Unguja hakubadili mwenendo. Aliendelea kushika randa, kukoroga saruji, kusahihisha prufu na kupanga herufi pamoja na vijana wa matbaa. Jambo hili lina uzito zaidi ya sifa ya unyenyekevu ambayo waandishi wa habari zake hupenda kumpa. Vijana aliokuwa akiwalea walijua vizuri kipimo cha Unguja: mwungwana ni yule ambaye mikono yake haina sugu. Kwa akili ya mji, kuwa huru kulikuwa kuacha kazi ya mikono, na ni rahisi kuelewa kwa nini mtu aliyelazimishwa kulima kwa mjeledi aone hivyo. Misheni iliwaambia kwamba wamekuwa waungwana, kisha ikawapa jembe, mwiko wa mwashi na sanduku la herufi. Wengine walinung'unika, nao walikuwa na sababu. Hoja ya kwamba mtu amewekwa huru ili atumike hutamkwa kwa urahisi na yule ambaye hajawahi kutumikishwa. Steere alikuwa mtu huru tangu kuzaliwa, daktari wa sheria, mwenye nchi ya kurudia. Kumbe hoja hiyo kinywani mwake ingeweza kuwa kongwa jipya.

Kilichompa haki ya kuitamka, kwa maoni yetu, ni kwamba aliitii mwenyewe kwanza, mbele ya macho yao, kila siku. Hata hivyo hatutaki kumtakasa kupita kiasi. Katika shamba la Mbweni, walikowekwa watu wazima walioletwa na manowari, misheni ndiyo iliyokuwa mwenye ardhi, mwajiri, mwalimu na mwamuzi. Mtu aliyewekwa huru alitegemea mkono mmoja kwa kila kitu. Mgawanyo kati ya mlezi na bwana ulikuwa mwembamba.

5.0 Njia ya Masasi

Steere mwenyewe aliliona tatizo hilo, na jawabu lake lilikuwa safari. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao, akitafuta njia ya kuelekea Ziwa Nyasa. Alikutana na misafara ya watumwa ikishuka pwani. Mkataba ulikuwa umeifunga bahari, na biashara ilikuwa imehamia nchi kavu, hadi Barghash alipotoa amri za 1876 dhidi ya misafara. Mtu aliyekuwa akijenga kanisa juu ya soko lililofungwa aliona kwa macho yake kwamba soko lenyewe limehama tu.

Mwishoni mwa 1876 alirudi barani akiwa na kundi la watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, waliokwisha kuwekwa huru Unguja na wengi wao asili yao ni nchi za Wayao na Nyasa. Pamoja naye alikuwamo kijana William Percival Johnson, aliyekuja baadaye kuwa mmisionari wa Ziwa kwa zaidi ya miaka 40 na kufariki 1928, akazikwa Liuli. Nia ya kwanza ilikuwa kusonga mbele zaidi. Walipofika Masasi, chini ya milima ile ya mawe, wakakuta ardhi nzuri na maji, watu wakaona wamefika. Steere alikubali. Tunaona hapa badiliko dogo lakini la maana sana katika historia ya watu hawa: kwa mara moja, mahali pa kukaa hapakuamuliwa na manahodha wala wanunuzi.

Masasi haikukusudiwa kuwa koloni la Kiingereza, wala kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kuwa kijiji cha watu huru ambao kwa kulima, kuoa, kusali na kufundisha wangewaonyesha majirani zao namna nyingine ya kuishi. Ndiyo maana Steere alishikilia kwamba Injili barani ihubiriwe na Waafrika, na kwamba Mzungu ni wa kupita. John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa 1864, alipewa ushemasi na Steere mwaka 1879. Mtoto aliyetolewa kama zawadi na Sultani alikuwa sasa amewekewa mikono ili awatumikie wengine. Alikuwa mtumwa, akawa mtumishi. Katika lugha ni silabi tu zilizobadilika. Katika maisha yake ilikuwa miaka 15.

Lakini palikuwa na mashaka Masasi pia. Wamisionari vijana walijikuta wakiamua kesi za wizi na ugomvi, na kutoa adhabu, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuzitoa. Kanisa likawa serikali ndogo. Swali lililoachwa Mbweni lilikuwa limewafuata bara: je, mtu amewekwa huru ikiwa aliyemkomboa ndiye anayemhukumu? Steere hakuishi muda wa kutosha kulimaliza.

6.0 Miaka ya Mwisho

Kazi ya kutafsiri Agano Jipya aliikamilisha katika miaka hiyohiyo, katikati ya safari na ujenzi, sehemu moja baada ya nyingine, zikichapwa na vijana wa misheni na kusomwa kwa sauti kwa watu wa mji ili zisahihishwe. Aliamini kwamba Maandiko yakisomwa na Mswahili asiyewahi kumwona Mzungu yasisikike kama kazi ya mgeni. Hakufaulu kila mahali. Kwa jumla, hata hivyo, Kiunguja alichokiweka katika hati za Kirumi ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya 1930 ikaanza kazi juu ya msingi huo. Kwamba mtoto wa Makwale husoma Kiswahili hiki na si kingine ni jambo lenye mizizi mingi, na mmoja wapo ni yale makaratasi ya Mkunazini.

Agosti 1882 Steere alirejea kutoka likizo Uingereza, amechoka. Mkewe alikuwa amebaki huko. Siku chache baada ya kufika alifariki, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga.

Mwezi uliofuata, Septemba 1882, Wangoni waliojulikana kama Magwangwara waliishambulia Masasi. Nyumba zilichomwa, na baadhi ya watu wa kijiji wakatekwa. Watu waliokwisha kutolewa katika kongwa mara moja, wakaandikwa huru, wakabatizwa na kujenga, walirudishwa utekani njia ya kusini. Mmisionari mmoja alikwenda hadi kwa Wangoni kujaribu kuwakomboa, na baadhi yao walirudi. Wengi wa waliosalimika walihamia Newala.

Miongoni mwa wanafunzi wa Kiungani wa wakati wa Steere alikuwamo Cecil Majaliwa, Myao aliyeletwa Unguja akiwa mtumwa mtoto na kuachwa huru huko. Mwaka 1890 alipewa ukasisi, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuupata. Kisha alirudi Chitangali, karibu na Newala, kwa Wayao wenzake, akaendelea kuhubiri na kufundisha shule.